SOMO LA USHIRIKA: NYUMBA MBILI ZA MWENYE KIWANDA

Makatibu wengi hulijua jina la Rochdale, mji wa Uingereza ambako watu 28 walianzisha duka lao la ushirika mwaka 1844. Somo hili linarudi nyuma zaidi, hadi kijiji cha New Lanark huko Uskoti, na nyumba mbili alizokaa Robert Owen.

1. Nyumba ya kijijini
David Dale alianza kujenga New Lanark mwaka 1785, kando ya mto Clyde, ambao maji yake yaliendesha mitambo ya kusokota nyuzi za pamba. Mwaka 1799 Owen na wabia wake walikinunua kiwanda, naye akamwoa Caroline, binti Dale. Walikaa katika nyumba ya mawe katikati ya kijiji. Haikuwa kasri, lakini jirani zao, familia za wafanyakazi, zilibanana katika chumba kimoja kimoja.

2. Nyumba ya Braxfield
Mwaka 1808 familia ilihamia Braxfield, jumba lililokuwa la jaji, mbali kidogo na kijiji. Hata hivyo Owen alikuwa tajiri mwenye huruma. Kiwanda kiliposimama miezi minne kwa shida ya pamba ya Marekani, aliwalipa wafanyakazi ujira wao. Alikataa kuajiri watoto wa chini ya miaka 10. Duka lake liliuza kwa bei nafuu, na faida ikasaidia shule.

3. Kilichokosekana
Mfanyakazi hakupiga kura wala hakukagua hesabu za duka. Penye kazi yake kilitundikwa kipande cha mti chenye rangi nne: nyeupe ilionyesha mwenendo mwema, nyeusi mwenendo mbaya. Aliyekigeuza ni msimamizi. Owen alipohitilafiana na wabia wake na kuondoka, wafanyakazi hawakuwa na kauli. Wema ulikuwa wake. Mali haikuwa yao.

Watu wa Rochdale walijifunza kwa Owen, lakini walitoa hisa wenyewe, na kila mwanachama akawa na kura moja. Kwa njia hiyo hiyo wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, katika miaka ya 1950, walijipatia viwanda vyao vya kuchambulia pamba kupitia muungano wao, VFCU. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa na Serikali, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982. Basi kumiliki peke yake hakutoshi. Mali ya pamoja hulindwa kwa hesabu safi na wanachama wanaohudhuria mikutano.

Kiwanda cha New Lanark kilifungwa mwaka 1968. Nyumba ya kijijini imehifadhiwa. Braxfield ni gofu.

Maswali ya kujadili
(a) Mashine ya kusaga ikiletwa Rungwe Mpya na mfadhili, nani ataamua bei ya kusaga?
(b) Mfadhili akiondoka, nani atanunua vipuri?
(c) Ni lini wanachama walisomewa hesabu za chama mara ya mwisho?