Nondo wa Amerila, Isangi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya ni kwa wewe unayekusanya nondo Isangi, Yangambi na kando ya Lomami. Nimechoka kufungua masanduku ya nondo wazuri wasiofaa kitu.

PENYE TAA

*Fanya*
- Tundika mmea wa Heliotropium ulionyauka karibu na shuka linalomulikwa na taa. Amerila waliokomaa hufuata sumu ya mmea huo na kuihifadhi mwilini. Ukitegemea taa peke yake, wengi watakupita.
- Mnase kwa chupa. Akibanwa hutoa povu la njano lenye harufu kali nyuma ya kichwa. Likilowesha mbawa, huyo hafai tena.

*Usifanye*
- Usimtumbukize mzima kwenye alkoholi, magamba yatatoka. Weka humo mguu mmoja tu, kwa ajili ya DNA.
- Usitafute milia. Jina la Kiingereza linamtaja chui milia. Wa kwetu wengi wana mbawa za kijivu tu au zinazopitisha mwanga.

LEBO

*Fanya*
- Andika usiku uleule, kwa penseli: latitudo, longitudo, ukingo wa mto, tarehe, mkusanyaji. Wino huyeyuka spiriti ikimwagika.
- Taja ukingo. Isangi ni mji, tena ni wilaya nzima. Yangambi iliyo ng'ambo ya Mto Kongo nayo imo. Mto huohuo umewatenga sokwe kaskazini na bonobo kusini. Ukiandika "Isangi" tu, hujasema kitu.

*Usifanye*
- Usitegemee jina la mji au la mkoa. Stanleyville iligeuka Kisangani mwaka 1966. Mkoa wa Tshopo ulimegwa kutoka Orientale mwaka 2015. Atakayesoma lebo yako baadaye atafute ramani ya nani?

JINA

*Fanya*
- Pasua. Lainisha tumbo kwa potasi, kisha tazama viungo vya uzazi kwa darubini. Amerila wanafanana mno kwa mbawa.
- Fuata uainishaji wa sasa. Arctiidae si familia tena. Ni familia ndogo, Arctiinae, ndani ya Erebidae. Hata Thyretidae imeingizwa humo.

*Usifanye*
- Usimwite Rhodogastria eti kitabu cha babu kimeandika hivyo. Häuser na Boppré waliwapanga upya Amerila wa Afrika mwaka 1997. Soma.
- Usitangaze spishi mpya kwa picha ya simu. Linganisha kwanza na sampuli za msingi. Nyingi za Kongo ziko Tervuren, Ubelgiji. Tangu mwaka 2000, jina jipya lisiloainisha sampuli yake ya msingi halikubaliki. Utakuwa umeongeza kelele tu.

KUHIFADHI

*Fanya*
- Kausha mapema, funga kwenye bahasha za karatasi za pembetatu. Unyevu wa huku haungoji. Ukungu huanza kabla hujarudi Kisangani.
- Simamisha miguu ya meza ndani ya makopo ya maji.

*Usifanye*
- Usiseme "usiku mmoja tu". Kijana niliyemfundisha alisema hivyo, akaacha sanduku wazi juu ya meza isiyo na makopo. Siafu wakapita. Asubuhi tulikuta sindano na lebo. Lebo zilikuwa nzuri kweli.