AFYA YA AKILI: KWA NINI MLIO AU HARUFU HURUDISHA HOFU YA ZAMANI?



Mara nyingi mtu huja zahanati akieleza kwamba bati likigongwa na upepo usiku, moyo wake huenda mbio, jasho humtoka, naye hujiona yuko tena siku ile ya kukimbia. Majirani humwambia amerogwa, au ameanza wazimu. Somo la leo linaeleza hali hiyo inatoka wapi.

Ubongo hupataje habari?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1 na gramu 400. Umefungiwa gizani ndani ya fuvu. Habari za nje huletewa na milango 5 ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi.

Kumbukumbu hutunzwa wapi?

Kumbukumbu haikai mahali pamoja. Lakini sehemu mbili ndogo ndani ya ubongo zina kazi kubwa:

- Hipokampasi hupanga tukio: lilitokea wapi na lini.
- Amigdala ni kama mlinzi. Hutambua hatari na kuamsha mwili kabla hujafikiri.

Siku ya hatari kubwa, amigdala hushika kwa nguvu milio na harufu za siku hiyo. Hipokampasi nayo huweza kushindwa kupanga vizuri mahali na wakati. Kwa hiyo leo bati likilia, mlinzi huamka kabla hujatambua kwamba ni upepo tu. Harufu, kama ya moshi, nayo ina nguvu, kwani njia yake kutoka puani hadi sehemu hizo ni fupi.

Basi huu si uchawi wala wazimu. Mlinzi bado hajajua kwamba siku ile imepita, na anaweza kufundishwa.

Ufanye nini hofu ikija?

1. Vuta pumzi polepole kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Rudia mara kadhaa.
2. Kanyaga chini kwa miguu yote miwili. Taja vitu 5 unavyoviona, kisha jiambie: "Leo niko hapa."
3. Zungumza na mtu unayemwamini. Usilazimishwe kusimulia yote.
4. Usitafute usingizi kwa pombe wala kwa vidonge vya sokoni.
5. Mtoto akishtuka usiku au akianza tena kukojoa kitandani, usimpige wala kumcheka. Mshike, mtulize.

Njoo zahanati

Hali ikizidi mwezi mmoja, ukishindwa kulala, kula au kufanya kazi, mwone mhudumu wa afya. Ukiwa na mawazo ya kujiua, usingoje hata siku moja.

ANGALIA: Homa pamoja na kuchanganyikiwa, degedege au kupoteza fahamu si hofu. Huenda ni malaria kali. Mpeleke mgonjwa mara moja, hata kama ni usiku.