Utabiri wa mvua si kazi ya idara moja

Mkazi wa Songea akisikia redioni utabiri wa vuli, asidhani anaambiwa yeye. Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) huutolea utabiri wake. Swali langu ni hili: utabiri huo ukishatoka, nani anaufanyia kazi?

Tuchukue mfano wa mahindi, tegemeo la mkoa wetu. Mvua ikichelewa kukatika, mahindi hayakauki vizuri. Anayeliona hilo mwanzo ni bwana shamba. Yakitiwa kwenye magunia na unyevu wake, huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu. Hapo anayempokea mgonjwa ni daktari. Mkulima naye akiyapeleka kwenye vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), hukataliwa kwa unyevu, akaishia kwa mlanguzi. Mvua ni moja, lakini imegusa kilimo, afya na biashara, na kila mmoja ameiona kwa dirisha lake. Wala hili si jambo la kufikirika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kushirikiana kunawezekana. Katika wilaya za Kiteto na Longido, miaka ya 2010, TMA, wataalamu wa kilimo na afya, Msalaba Mwekundu na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) walikuwa katika programu moja ya kuwafikishia wakulima na wafugaji taarifa za hali ya hewa.

Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi ngazi za chini kabisa. Basi meza ipo. Kinachobaki ni watu kuikalia mapema. Maporomoko ya Hanang ya Desemba 3, 2023 yaliua watu zaidi ya 80, na maafa ya namna hiyo hayamsubiri mtu aitishe kikao.

Kwa maoni yangu, kamati zetu zikae Oktoba, kabla ya tone la kwanza. Bwana shamba aseme mbegu gani ipandwe, mganga aseme dawa zipi ziwekwe akiba, mhandisi aseme mifereji ipi izibuliwe. Kisha taarifa isomwe misikitini baada ya swala ya Ijumaa, na makanisani Jumapili. Na sisi wananchi tumuulize mwenyekiti wa mtaa: kamati yetu ni akina nani, na mara ya mwisho ilikaa lini?