SOMO LETU: FADHILA JUU YA MAJENGO

Masomo: Zaburi 72:1-4, Mithali 11:1, 1 Wakorintho 13:13



Tangu zamani watu wamependa kuziweka fadhila juu ya majengo ya umma kwa umbo la mwanadamu. Fadhila haionekani kwa macho. Hakuna aliyepata kukutana na Haki njiani. Kwa hiyo mafundi wa Ulaya walimchonga Haki kama mwanamke, wakampa mizani mkono mmoja na upanga mkono wa pili. Mizani maana yake ni kupima maneno ya pande zote mbili kabla ya kuamua. Upanga ni nguvu ya kutimiza hukumu. Mara nyingi humfunga kitambaa machoni, ili asitazame uso wa mtu.

Huko London, juu ya kuba la mahakama iitwayo Old Bailey, iliyofunguliwa mwaka 1907, amesimama Haki wa namna hiyo, kazi ya F. W. Pomeroy. Amepakwa dhahabu, wala hana kitambaa. Na juu ya mlango yamechongwa maneno kutoka Zaburi ya 72, ya kuwatetea watoto wa maskini na kumwadhibu mkosaji.

Na sisi je? Hapa Mpanda hatuna wanawake wa mawe juu ya mapaa. Lakini katika mahakama na ofisi za serikali twaiona Nembo ya Taifa. Mwanamume na mwanamke wamesimama pande mbili za ngao, na chini yao pameandikwa Uhuru na Umoja. Hayo nayo ni mambo yasiyoonekana, yaliyopewa umbo.

Ndani ya ngao mna mwenge. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alinena katika Baraza la Kutunga Sheria juu ya kuwasha mwanga kileleni Kilimanjaro, uwape tumaini waliokata tamaa, na upendo palipo na chuki, na heshima palipo na dharau. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge huo mlimani. Msomaji wa Biblia atatambua mara moja tumaini na upendo: Mtume Paulo ameziweka pamoja na imani.

Wako waulizao: je, sanamu kama hizo si kinyume cha Amri ya Pili? Amri yakataza kuzisujudia na kuzitumikia. Hatusikii kwamba kuna amsujudiaye Haki wa London. Hatari iliyo karibu nasi ni nyingine, nayo ni kuridhika na picha tukaiacha fadhila yenyewe.

Tuchukue ile mizani. Wakati wa mavuno ya mahindi na mpunga, mkulima aliyebanwa na mahitaji ya watoto wa shule huambiwa afunge lumbesa. Gunia hujazwa mpaka juu, kisha huongezewa kilele na kushonewa kamba, naye hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya nchi yakataza, na Mithali yasema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Hata hivyo yule anunuaye lumbesa Jumatatu, huenda Jumapili tumeketi naye benchi moja, tukapeana amani.

Ndugu, Haki wa dhahabu hawezi kupima hata debe moja la mahindi yetu. Hana mkono ulio hai. Mikono iliyo hai ni hii yetu, iliyobatizwa pamoja nasi. Ikiwa mkulima wa kijijini hataiona haki katika kipimo cha Mkristo, ataiona wapi?

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

1. Katika ofisi ya umma uliyoingia mara ya mwisho, ni alama gani iliyokuwa ukutani? Yamdai nini aketiye chini yake?
2. Kwa nini Zaburi ya 72 yamwombea mfalme haki kwanza, ndipo yataja maskini?
3. Sisi tununuao na tuuzao, tutafanya nini juu ya lumbesa msimu ujao?