Mita ipi kwa fundi wa elektroniki?

Swali: Fundi anayetengeneza redio, chaja na inveta anunue mita ya aina gani?

Jibu: Aanzie kwenye fyuzi, kabla hata ya kutazama kioo. Mita bora ina fyuzi nene za kauri zilizojaa mchanga, zenye uwezo wa kukata mkondo wa maelfu ya ampea bila kupasuka. Fluke 87V, kwa mfano, ina mbili: ya miliampea 440 na ya ampea 11, zote za volti 1000. Mita nyingi za bei ya chini huwa na kifyuzi chembamba cha glasi cha volti 250, na pengine tundu la ampea 10 halina fyuzi kabisa. Fundi akisahau waya kwenye tundu hilo, kisha akapima umeme wa ukutani, mita yaweza kumlipukia mkononi.

Karibu na matundu atafute alama ya daraja la usalama, CAT III 600V au zaidi, na asiiamini kabla ya kuziona fyuzi zenyewe.

Halafu inveta. Nyingi za bei nafuu hutoa wimbi lenye ngazi, si laini kama la gridi. Mita inayokadiria wastani hukosea hapo: wimbi la mraba la volti 100 hulisoma kama 111. Kwa kazi hii, mita ya True RMS, inayopima thamani halisi badala ya kukadiria wastani, ni ya lazima.

Kwa bodi za redio, ukinzani wa ndani wa megaomu 10 unatosha. Bajeti ikibana, mita za Brymen ni chaguo la kuheshimika.