Kafukuzwa kwao, yuko kwangu

SWALI: Mtoto wa dada yangu ana miaka 16. Aliposema hajihisi msichana wala mvulana, baba yake alimtimua. Sasa analala sebuleni kwangu, chakula hakimpiti. Nifanyeje? – Mama mdogo, Nakuru

JIBU: Mama mdogo, kubwa umeshalifanya. Sasa mchongeshee ufunguo wake wa nyumba. Aliyefukuzwa kwao hatulii akibisha hodi kila jioni. Muulize anapenda aitwe nani, umwite hivyo hata ukiwa umekasirika. Si lazima uelewe yote ndipo umpende.

Kutokula kusikuponyoke: huenda ni dalili ya maumivu ya moyoni. Utafiti wa Caitlin Ryan na wenzake Marekani, uliochapishwa 2009, uliwahusu mashoga, wasagaji na wanaopenda jinsia zote, lakini funzo lake linamgusa na huyu: waliokataliwa sana na familia walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 8 wa kuwa wamejaribu kujiua kuliko wasiokataliwa au waliokataliwa kidogo. Kwa hiyo muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, mpeleke hospitali. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mtu akipendekeza maombi ya kumtoa "pepo", kataa, hata aje mchungaji mnayemheshimu.

Dada yako zungumza naye pembeni, mumewe asiwepo. Anza na karo: Sheria ya Watoto ya 2022 inawabebesha wazazi wote wawili jukumu la malezi na elimu, na hasira haiwaondolei. Ila usimrudishe mtoto kwa ahadi ya simu tu. Baba aje kwanza, aseme mbele yako kwamba hatampiga wala kumfukuza tena.