Mtego wa Waya Hauchagui



Katika mkutano wa kikundi kimoja, kijana aliniuliza hivi: "Babu yangu aliwinda akasifiwa. Mimi nikitega, naitwa jangili. Kwa nini?" Swali hilo ni la haki. Hebu tulijibu pamoja.

1. Wazee waliwinda namna gani?

Tuchukue Wawaata, ambao majirani huwaita Waliangulu, wa pande za Tsavo na mto Galana. Baba alimfundisha mwanawe kusoma nyayo, kujua upepo na kuvuta upinde mzito wenye mshale wa sumu. Mwenye upinde hana budi kumkaribia mnyama mmoja na kumtazama: huyu ni dume, yule ana mtoto. Hapo ndipo anaweza kuchagua. Lakini tuseme ukweli, biashara ya pembe iliwavuta wengi waue kupita mahitaji ya nyumbani. Miaka ya 1950 wengi walifungwa. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana ili wawinde tembo kwa kibali, lakini haukudumu. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji.

2. Kuchagua kuna faida gani?

Dume mzee akiondolewa, majike huendelea kuzaa. Ukiua mama mwenye mimba, umeua wawili. Kule Namibia, tangu sheria ya 1996, jamii zenye hifadhi zao huhesabu wanyama, serikali hupanga idadi ya kuwindwa, na nyama na ada hurudi kijijini.

3. Na sisi je?

Kwetu sheria hairuhusu. Tena waya si mila ya babu. Unanasa yeyote: swala mwenye mimba, mtoto wa twiga, hata ng'ombe wa jirani, na aliyeutega amelala nyumbani. Nyama isiyopimwa yaweza kuleta kimeta.

Urithi wa babu ni ujuzi wake. Kijana anayejua nyayo anafaa kuwa askari wa wanyama au kiongozi wa wageni. Nayo sheria ya 2013 inaruhusu jamii kuandikisha hifadhi yao.

Maswali ya kujadili:

(a) Wazee wetu walikataza kuua wanyama gani, na wakati gani?
(b) Ni shida gani inayowasukuma vijana wetu kutega waya? Kikundi kitasaidia vipi?
(c) Nani atamwalika mzee mmoja awafundishe watoto nyayo kabla hajatuacha?